Foleni yenye ukomo: jinsi ya kugawa kazi kwa thredi nyingi bila kuiangusha programu

Programu yangu ya kwanza ya kutuma SMS za ada kwa wazazi ilikuwa na mistari isiyozidi sitini, na ilikufa saa nane usiku. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kila dakika ivute kwenye hifadhidata jumbe ambazo hazijatumwa, izitie kwenye foleni, kisha thredi kumi (njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) zichukue humo na kuzituma. Jioni ile mtandao wa kupokea SMS ulianza kusuasua. Watumaji wakapunguza mwendo, lakini mvutaji hakuwa na habari. Kila dakika alivuta tena jumbe zilezile ambazo bado hazijatumwa, akazirundika juu ya nyingine, mpaka kumbukumbu ikaisha na Java ikaandika `OutOfMemoryError`. Asubuhi kulikuwa na mzazi aliyepata ujumbe uleule mara kumi na saba. Alidhani anadaiwa mara kumi na saba.

Foleni niliyotumia ilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kutoipa ukomo. Mwongozo huu unajenga programu ya namna hiyo upya kwa Java, safari hii ikisoma faili badala ya hifadhidata ili msimbo usirefuke. (Nasema thredi kwa kile ambacho wengine hukiita uzi; "uzi" umeshachukuliwa na majukwaa ya mtandaoni.)

Kinachotokea dirishani

Ingia hoteli yoyote yenye jiko la nyuma uangalie lile dirisha kati ya mpishi na wahudumu. Mpishi anaweka sahani, mhudumu anachukua. Dirisha linabeba sahani nane. Likijaa, mpishi anashika ya tisa mkononi na kusubiri, hawezi kupika zaidi. Likiwa tupu, mhudumu anaegemea ukuta. Hakuna anayemwamrisha mwenzake. Dirisha lenyewe linawasawazisha.

`BlockingQueue` ya Java ndiyo dirisha hilo. Thredi ikiita `put` foleni imejaa, inasimamishwa hadi nafasi ipatikane. Ikiita `take` foleni ni tupu, inasimamishwa hadi kitu kiingie. Na kusimamishwa huku si kuzungukazunguka ukiuliza "kipo? kipo?": thredi inalazwa, haili prosesa hata kidogo, na inaamshwa zamu yake ikifika. Ukiandika mwenyewe `while (foleni.isEmpty()) {}` utaona feni ya kompyuta inaanza kulia, maana kiini kizima cha prosesa kinafanya kazi ya kutofanya kitu.

Kabla ya Java 5, iliyotoka 2004, mambo haya tuliyafunga kwa mkono kwa `synchronized`, `wait` na `notifyAll`, na kusahau neno moja kulitosha kuigandisha programu. Kundi lililoongozwa na Doug Lea ndilo lililoleta kifurushi cha `java.util.concurrent`. Usirudi kwenye `wait` na `notify` bila sababu nzito.

Hatua ya 1: amua kinachopita dirishani

```java
record Ujumbe(String simu, String maneno) {}
```

Tumia kitu kisichobadilika baada ya kuundwa. `Record` inafaa hapa. Java inahakikisha kwamba chochote ulichokiandika kabla ya `put` kitaonekana kamili kwa thredi itakayokichukua kwa `take`. Dhamana hiyo inakoma hapo. Ukitia kitu foleni kisha ukaendelea kukigusagusa ukiwa upande wako, umerudi kwenye matatizo uliyokuwa unayakimbia. Sahani ikishawekwa dirishani, mpishi haongezi chumvi.

`null` hairuhusiwi, ukijaribu kuiingiza unapata `NullPointerException` papo hapo. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: chagua foleni, na upige hesabu ya ukomo

Uamuzi wa maana uko hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

```java
BlockingQueue<Ujumbe> foleni = new ArrayBlockingQueue<>(100);
```

`ArrayBlockingQueue` inakulazimisha kutaja ukomo, na hiyo pekee inatosha kunifanya niipendekeze kwa anayeanza. `LinkedBlockingQueue` nayo ni nzuri: ina kufuli mbili (kufuli huruhusu thredi moja tu kwa wakati), moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, hivyo mwekaji na mchukuaji hawasukumani sana, wakati mwenzake ana kufuli moja kwa wote. Lakini ukiiunda bila namba, ukomo wake ni 2,147,483,647. Kumbukumbu ya seva yako itaisha muda mrefu kabla ya namba hiyo kufikiwa. Ndilo shimo nililotumbukia.

Sasa kwa nini 100, si 10 wala 100,000? Anza na mwendo wa wachukuaji. Tuseme kutuma SMS moja kunachukua sekunde 0.2, karibu yote ikiwa ni kusubiri mtandao ujibu. Thredi moja inatuma jumbe 5 kwa sekunde. Thredi kumi zinatuma 50. Wazazi 12,000 wangemalizwa na thredi moja kwa dakika 40, na thredi kumi kwa dakika 4.

Foleni yenye nafasi 100, kwa mwendo wa jumbe 50 kwa sekunde, imebeba kazi ya sekunde 2. Maana yake, ujumbe unaoingia foleni ikiwa imejaa utasubiri sekunde 2 hivi kabla ya kuchukuliwa. Ukomo ukiwa 100,000, ujumbe wa mwisho utasubiri sekunde 2,000, yaani dakika 33. Kwa kikumbusho cha ada si neno. Kwa namba ya siri ya kuingilia benki, mteja ameshafunga simu na kulala.

Kwa hiyo usiulize "foleni ibebe vingi kiasi gani?" Uliza "kitu kikae foleni muda gani kabla hakijapoteza maana?", kisha zidisha muda huo kwa mwendo wa wachukuaji. Jibu ndilo ukomo wako. Halafu angalia kama kumbukumbu inautosha. Mara nyingi itatosha na kubaki.

Kuna ndugu wengine wa foleni hizi. `PriorityBlockingQueue` hupanga kwa umuhimu, `DelayQueue` hukizuia kitu hadi muda wake ufike, na hizi mbili hazina ukomo kabisa, `put` zake hazisubirishi kamwe. `SynchronousQueue` haina hata nafasi moja: mpishi anampa mhudumu sahani mkononi au hampi.

Hatua ya 3: andika mwekaji

```java
void soma(Path faili) throws IOException, InterruptedException {
    try (BufferedReader msomaji = Files.newBufferedReader(faili)) {
        String mstari;
        while ((mstari = msomaji.readLine()) != null) {
            String[] s = mstari.split(";", 2);
            foleni.put(new Ujumbe(s[0], s[1]));
        }
    }
}
```

Ukaguzi wa mistari mibovu nimeuacha. Angalia kwamba hakuna hesabu yoyote ya "je, tumezidisha?" ndani ya kitanzi. Msomaji anasoma kwa kasi ya diski hadi foleni ijae, kisha `put` inamshika shati. Faili lingekuwa na mistari milioni kumi, kumbukumbuni zisingekaa zaidi ya jumbe mia na ushei kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: andika mchukuaji, na usimwache afe

```java
static final Ujumbe MWISHO = new Ujumbe("", "");

void fanyaKazi() {
    try {
        while (true) {
            Ujumbe u = foleni.take();
            if (u == MWISHO) return;
            try {
                tuma(u);
            } catch (IOException | RuntimeException e) {
                andikaKosa(u, e);
            }
        }
    } catch (InterruptedException e) {
        Thread.currentThread().interrupt();
    }
}
```

Kuna `try` mbili, na zote zina kazi. Ile ya ndani inashika makosa ya ujumbe mmoja: namba mbovu, mtandao uliokata, chochote. Watu wengi hushika `IOException` peke yake na kuona wamemaliza. Kisha siku moja inakuja namba ya simu yenye herufi ndani yake, `tuma` inatupa `IllegalArgumentException`, na thredi inakufa huku programu ikiendelea. Wanabaki tisa. Namba mbovu nyingine, wanabaki nane. Wakiisha wote, foleni inajaa, na mwekaji anasubiri kwenye `put` milele. Programu haijaanguka, lakini haifanyi kazi. Ukiona programu ya foleni imeganda, mtuhumiwa wa kwanza awe wachukuaji waliokufa.

`try` ya nje ni ya `InterruptedException`. Hitilafu hii si ajali. Ni mtu anakuambia "acha unachosubiri, tunafunga". Kuimeza kwa mabano matupu ndani ya kitanzi ni kumzibia masikio anayejaribu kuizima programu yako, na utaishia kuiua kwa nguvu. Toka kwenye kitanzi, rudisha alama ya kukatizwa kwa `interrupt()`, basi.

Hatua ya 5: washa, kisha funga kwa adabu

Thredi iliyolala kwenye `take` haiwezi kujua kwamba kazi imeisha. Kwake yeye foleni tupu ni foleni tupu. Lazima aambiwe. Njia rahisi ni kutia foleni ujumbe maalumu wa kufunga duka, mmoja kwa kila mfanyakazi:

```java
static final int WAFANYAKAZI = 10;

void endesha(Path faili) throws Exception {
    List<Thread> kundi = new ArrayList<>();
    for (int i = 1; i <= WAFANYAKAZI; i++) {
        Thread t = new Thread(this::fanyaKazi, "mtumaji-" + i);
        t.start();
        kundi.add(t);
    }
    try {
        soma(faili);
    } finally {
        for (int i = 0; i < WAFANYAKAZI; i++) foleni.put(MWISHO);
    }
    for (Thread t : kundi) t.join();
}
```

Kwa kuwa anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka, `MWISHO` utachukuliwa baada ya jumbe zote za kweli. Kwenye `PriorityBlockingQueue` uhakika huo haupo, usiutegemee. Linganisha kwa `==`, si kwa `equals`, ili mstari wenye `;` pekee kwenye faili usije ukamfukuza mfanyakazi kazini. Na `finally` ipo kwa sababu faili linaweza kukatika katikati. Bila hiyo, wafanyakazi kumi wangebaki wakingoja na programu isingetoka.

Zipe thredi majina. Siku ya tatizo, `jstack` (chombo cha Java kinachoonyesha kila thredi iko wapi) itakuonyesha "mtumaji-7" badala ya "Thread-23", na utajua unamtazama nani.

Hatua ya 6: jua lini usisubiri

Msomaji wa faili ana subira, hana mteja mbele yake. Thredi inayohudumia ombi la mtandaoni haina anasa hiyo. Ikisimama kwenye `put` dakika nzima, mteja anabonyeza tena, ombi la pili linasimama nyuma ya la kwanza, na baada ya muda thredi zote za seva zimepiga foleni kusubiri foleni.

Kwa hali hiyo foleni hizi zina njia nyingine za kuingia na kutoka. `add` hutupa `IllegalStateException` foleni ikijaa. `offer` hurudisha `false` na kukuachia uamuzi. `poll` huchukua kilichopo au hurudisha `null` kama hakuna, na ndiyo maana `null` ilikatazwa kuingia: ingekuwa haijulikani kama ni kitu au ni utupu. Ninayoitumia zaidi ni `offer` yenye saa:

```java
if (!foleni.offer(u, 500, TimeUnit.MILLISECONDS)) {
    return jibu(503, "Tumezidiwa, jaribu tena baada ya dakika moja");
}
```

Kumwambia mteja "tumezidiwa" kunauma, lakini ni ukweli, na anaujua ndani ya nusu sekunde. Kumpokelea ujumbe kisha ukae nao nusu saa ni kumdanganya.

Mitego minne

`Executors.newFixedThreadPool(10)`, inayokuundia dimbwi (kundi lililo tayari) la thredi kumi, inaonekana imekuwekea mipaka, kumbe imepunguza thredi tu. Ndani yake kuna `LinkedBlockingQueue` isiyo na ukomo. Ukitaka dimbwi la thredi lenye nidhamu, liunde mwenyewe:

```java
new ThreadPoolExecutor(10, 10, 0L, TimeUnit.MILLISECONDS,
    new ArrayBlockingQueue<>(100),
    new ThreadPoolExecutor.CallerRunsPolicy());
```

`CallerRunsPolicy` inasema foleni ikijaa, aliyeleta kazi aifanye mwenyewe. Ni kama mpishi kukuta dirisha limejaa akaamua kupeleka sahani mezani kwa mkono wake. Akiwa huko, hapiki. Na ukiweka namba mbili za mwanzo (idadi ya kawaida ya thredi na idadi ya juu kabisa) tofauti, kwa mfano 10 na 50, ujue kwamba thredi ya kumi na moja haizaliwi mpaka foleni ijae kwanza. Wengi wanatarajia kinyume chake.

Mtego wa pili ni kuuliza `size()` kisha ukaamua. Kati ya swali na tendo, thredi nyingine imeshapita. `size()` itumie kwa kuandika kwenye logi, si kwa maamuzi.

Wa tatu ni mbaya zaidi kwa sababu unaonekana kama busara: mchukuaji akishindwa kutuma, anarudisha ujumbe kwenye foleni ileile kwa `put`. Siku mtandao ukikatika kabisa, wote kumi wanashindwa kwa pamoja, wote kumi wanajaribu kurudisha, na foleni imejaa. Kila mmoja anasubiri nafasi ambayo hakuna wa kuifungua, kwa maana wafunguaji ni wao wenyewe. Walioshindwa waandikie mahali pengine: faili, jedwali la hifadhidata, popote pasiporudi kwenye dirisha hilo.

Wa nne: foleni hii inaishi kwenye kumbukumbu. Umeme ukikatika, vilivyomo vimekwenda. Andika kwenye hifadhidata "imetumwa" baada ya mtandao kukubali, si wakati wa kutia foleni. Ukitaka foleni inayonusurika umeme kukatika, au inayounganisha seva mbili, hiyo ni kazi ya programu za foleni zinazojitegemea kama RabbitMQ au Kafka, na ni mwongozo mwingine.

Kwa wasiotumia Java

Kwenye Python ni `queue.Queue(maxsize=100)`; ukiacha `maxsize`, haina ukomo, shimo lilelile. Kwenye Go ni `make(chan Ujumbe, 100)`, na ukiacha namba unapata kinyume chake: nafasi sifuri, mkono kwa mkono. Hapo Go wamechagua vizuri kuliko wenzao, kwa maoni yangu.

Hatua ya 7: jaribu kabla ya kupeleka kwa watu

Badala ya kutuma SMS za kweli, ifanye `tuma` ilale milisekunde 200. Tengeneza faili la mistari 1,000 na uendeshe. Thredi kumi zinapaswa kumaliza kwa sekunde 20 na kidogo. Weka thredi moja: sekunde 200. Kila sekunde andika `foleni.size()` kwenye logi. Ikikaa karibu na 100 muda wote, wachukuaji ndio wanaochelewesha. Ikikaa karibu na 0, mwekaji ndiye mzito, na kuongeza wachukuaji hakutasaidia kitu.

Halafu fanya jaribio moja ambalo wengi hawalifanyi. Rudisha thredi kumi, lakini badilisha ukomo kutoka 100 kuwa 1. Endesha tena ukiwa na saa mkononi. Utapata sekunde 20 na kidogo, zilezile. Upeleke 100,000: bado zilezile, ila safari hii faili zima limehamia kwenye kumbukumbu.